Mgeni Aliye Nyuma ya Pikipiki Yako
(Mazungumzo na waendesha bodaboda na waongoza wageni, Kabale)

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, ndugu zetu waendesha bodaboda, vijana mnaowaongoza wageni, mama zetu mnaouza bidhaa Katuna, nanyi majirani mliovuka kutoka Rwanda kuja kutusikiliza: tunawasalimu, na tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii ya baridi.

Baridi hii ndiyo mali yetu. Mji wa Kabale umekaa katika kimo cha mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na askari anayehamishiwa hapa kutoka nchi tambarare huja na sweta moja, akanunua la pili kabla wiki haijaisha. Wageni nao huifuata baridi hiyohiyo. Wengi hawataki gari. Hutaka kupanda nyuma ya pikipiki, wauone mji na vilima wakiwa na upepo usoni, na mwenyeji awaeleze wanachokiona.

Kazi hiyo ni ya heshima. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, kule Busia, kwa watu waliobebwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Na mlima Muhabura, unaoonekana kutoka barabara ya Kisoro ukungu unapoondoka, jina lake maana yake ni mwonyesha njia. Basi mwongozaji hapa kwetu ana jina moja na mlima.

Mgeni hupelekwa kwanza Bunyonyi, mahali pa ndege wadogo wengi. Njiani huyaona mashamba ya ngazi yaliyochongwa kwa jembe la mkono tangu enzi za mababu. Ziwani huonyeshwa kisiwa cha Akampene, walikotupwa zamani mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Tumewahi kumsikia mwongozaji akiisimulia habari hiyo kwa kicheko. Tafadhali, wale walikuwa dada za bibi zetu. Isimulieni polepole.

Sasa tuseme lililotuleta. Msimu mmoja wa mvua, mpaka ukiwa umekwisha kufunguliwa, tulipigiwa simu usiku. Kijana mmoja alimpandisha mgeni kilimani kwa njia ya miguu, apate kupiga picha za mabonde. Ninyi mnajua mpaka wetu ulivyo: hakuna ukuta wala waya, bali shamba la viazi la mtu huyu na shamba la viazi la shemeji yake. Waliteremka upande usio wao. Mgeni alikuwa na viza ya kuingia Uganda mara moja tu. Kijana alikuwa ameacha kitambulisho nyumbani. Walishikwa na doria ya wenzetu. Tulizungumza nao hadi alfajiri, wakarudishwa wakitetemeka kwa baridi. Pikipiki ilikuwa ya kukodi, na mwenyewe alidai fedha ya siku zote ilizolala.

Mtu atasema ni jambo dogo. Mama zetu wa Katuna hawatasema hivyo. Lango lilipofungwa Februari 2019, halikufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022, na katika miaka hiyo tulizika watu ambao ndugu zao wa ng'ambo hawakuweza kuja matangani. Amani iliyorudi bado ni changa, na mgeni mmoja aliyepotea njia anaweza kuzua maneno mengi kati ya serikali mbili.

Kwa hiyo mwulizeni mgeni viza yake kabla hamjawasha pikipiki. Mwenye viza ya pamoja ya utalii ya Uganda, Kenya na Rwanda anaweza kuvuka na kurudi, lakini apite langoni. Mwongozaji abebe kitambulisho chake cha taifa. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji mnakokwenda. Mkishavuka Katuna, kumbukeni kwamba huku tunaendesha kushoto na kule wanaendesha kulia. Hatari kubwa huja wakati wa kurudi, mtu anapokuwa amechoka na mkono umekwisha kuzoea upande mwingine. Helmeti ziwe mbili. Ile ya abiria isining'inie mkononi mwako kama kikapu cha soko.

Nasi hatujisahau. Tumeyasikia malalamiko kwamba anayebeba mgeni husimamishwa barabarani mara nyingi kuliko anayebeba mkungu wa ndizi, na kwamba wako wanaoomba kitu. Malalamiko hayo hatuyapingi. Askari akikuomba fedha bila kukupa hati, soma namba iliyo kwenye sare yake, uilete ofisini kwetu, na usiogope kwamba sisi sote tunavaa sare moja. Kwa ajali au mgeni aliyepotea, pigeni 999 au 112, hata usiku wa manane.

Tulikuwa na mengine, lakini mvua inakuja kutoka upande wa ziwa na wengi wenu mmeacha pikipiki wazi. Tunakaa sasa. Yule kijana wa nyuma, aliyeinua mkono tangu tulipotaja helmeti, asimame aseme.