Utando wa Chembe ya Damu na Vita vya Malaria

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya damu. Sote twaijua damu kwa macho: ni yale maji mekundu yatokayo mtu ajikatapo kisu. Lakini tone lake likiwekwa chini ya hadubini huonekana kwamba si maji matupu. Ndani yake zimo chembe nyekundu, nazo ni nyingi ajabu: katika tone dogo kama kichwa cha pini mna chembe zipatazo milioni 5.

Kila chembe ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati pande zote mbili. Kazi yake ni kazi ya hamali. Hupakia oksijeni katika mapafu na kuipeleka katika kila pembe ya mwili. Upana wake ni kama sehemu 8 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000, na mishipa yetu iliyo myembamba kabisa ni myembamba hata kuliko hivyo. Kwa hiyo hamali huyu hana budi kujikunja ili apenye, kisha ajikunjue na kurudia umbo lake. Hufanya hivyo usiku na mchana kwa muda wa siku kama 120, ndipo huchakaa, na mwili hutengeneza nyingine mahali pake.

Pengine mtu atauliza: Ni kitu gani kinachoiwezesha chembe kukunjwa mara nyingi namna hiyo pasipo kupasuka? Jawabu ni utando wake, yaani ngozi yake ya nje.

Mwaka 1925 wataalamu wawili wa mji wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, walioitwa Gorter na Grendel, walitoa mafuta yaliyomo katika utando wa chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka moja jembamba. Walipopima waliona mafuta hayo yameenea mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakakata shauri ya kuwa utando umefanywa kwa tabaka mbili za mafuta, moja juu ya nyingine. Baadaye ilionekana kwamba vipimo vyao vilikuwa na kasoro mbili, lakini kasoro hizo zilifutana, na neno lao limesimama hata leo.

Chini ya mafuta hayo pana wavu uliosukwa kwa nyuzi za protini iitwayo spektrini. Wavu huo ndio uipao chembe nguvu ya kurudia umbo lake. Na upande wa nje zimesimama protini na sukari za namna mbalimbali, nazo ndizo alama zinazotofautisha kundi la damu la mtu huyu na la mtu yule.

Sasa na tumtazame adui. Mwaka 1880 Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya askari mgonjwa. Leo twajua jinsi vijidudu hivyo vifanyavyo kazi yao. Mbu akisha kumwuma mtu, vijidudu huenda kwanza katika ini, kisha hutoka na kuzishambulia chembe nyekundu. Kijidudu hujibandika juu ya utando, hujigeuza mpaka ncha yake ielekee chembe, halafu husukuma mpaka utando ubonyee na kukipokea ndani. Yote hayo huchukua muda wa kama dakika moja tu. Huko ndani kijidudu hula na kuongezeka, na baada ya siku kama mbili chembe hupasuka, nacho kizazi kipya hutoka kwenda kutafuta chembe nyingine. Hapo ndipo homa ipandapo na damu ya mtoto ipunguapo.

Basi mlango wa adui ni utando. Je, mlango huo waweza kufungwa?

Jawabu moja limepatikana katika pwani ya Kenya. Watafiti wa Kilifi, ambako kituo cha uchunguzi wa maradhi kilianzishwa mwaka 1989, waliona kwamba watoto waliozaliwa na kundi la damu liitwalo Dantu hawapatwi na malaria kali kama wenzao. Kwa mtoto aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia, hatari hiyo hupungua kwa 74 katika kila 100.

Lakini sababu yake ilikuwa fumbo. Ndipo ilipochukuliwa damu ya watoto 42 wa Kilifi walio wazima, ikachunguzwa huko Cambridge, Uingereza, kwa hadubini yenye kupiga picha za sinema. Habari zake zilitangazwa mwaka 1, yaani wa kwanza, wa muongo huu: 2020. Ilidhaniwa kwamba kijidudu hukosa mahali pa kushika, kwa kuwa protini za nje zimebadilika. Haikuwa hivyo. Ilionekana kwamba utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi. Ni kama ngozi ya ngoma: iliyolegea hubonyea kwa kidole, lakini iliyowambwa sawasawa hukirudisha kidole nyuma. Hata katika damu isiyo ya Dantu, chembe ambazo utando wake umekazika kupita kiasi fulani ni nadra kuingiwa. Kwa hiyo wataalamu wanatumaini kwamba siku moja itapatikana dawa ya kuukaza utando kidogo bila ya kumdhuru mtu.

Mabibi na mabwana, habari njema zaweza kuleta hasara zikisikiwa nusu. Asiseme mtu, "Sisi wa pwani damu yetu ni ngumu, chandarua cha nini?" Hakuna awezaye kulitambua kundi la Dantu kwa kumtazama mtoto usoni, wala kwa kabila lake, na hata aliye nalo aweza kuugua. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku iyo hiyo akapimwe damu. Kungoja kesho ni kukipa kijidudu nafasi ya kuzaana.

Neno la mwisho ni juu ya selimundu. Mwaka 1954 Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili chembe zake hupinda kama mundu, utando wake huharibika, naye hupata maumivu makali na upungufu wa damu. Huo si uchawi wala laana ya ukoo. Ni jambo la damu, nalo hujulikana kwa kipimo. Vijana wanaokusudia kuoana na wapimwe mapema, ili wakate shauri wakijua. Na mzazi mwenye mtoto kama huyo asimfiche nyumbani, bali ampeleke hospitali akatunzwe.