Mgonjwa wa sukari na maombi ya kufunga

Wagonjwa wa sukari wanatuuliza: tufunge siku tatu pamoja na kanisa? Tunajibu: umuulize kwanza muganga wa hospitali. Dawa ya sukari na tumbo tupu vinaweza kukuangusha, ukazimia.

Lakini mwenye kunenepa ana mfungo wake wa kila siku: ugali kidogo, mawese kidogo, lengalenga nyingi, chai bila sukari. Uingereza, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wagonjwa wanene walipunguza sana chakula, waganga wakiwaangalia. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilirudi sawa bila dawa.

Mwembamba asijipunguzie. Na tusitupe dawa kwa sababu tumeombewa. Tuombe, tukapimwe, kisha tushuhudie. Amina.