Jina, Shamba, Mwaka

Msikilizaji wa Kericho na Bomet, je, babu yako alitoka Nyanza, Magharibi au Gusii kuja kuchuma chai huku? Huenda maisha yake yamo kwenye karatasi. Ili uzipate, unahitaji mambo matatu: jina, shamba na mwaka.

Anza nyumbani. Muulize nyanya angali anakumbuka. Babu aliitwa nani kazini? Aliishi kambi gani? Mwaka umempotea? Muulize basi, ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake?

Kisha fungua sanduku la babu, utafute kipande, kile cheti cha usajili wa kazi cha enzi za ukoloni. Tangu miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, kikining'inia shingoni. Watu walikichukia, na walikuwa na haki. Lakini wewe unayetafuta, kisome polepole. Kina jina, alama za vidole, wilaya ya nyumbani, mwajiri, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa.

Wanawake hawakupewa kipande. Nyanya mtafute kanisani, kwenye rejista ya ubatizo au ya ndoa.

Ukishapata jina, shamba na mwaka, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Beba kitambulisho. Omba faili za Wilaya ya Kericho, hata kama kwenu ni Bomet, maana zamani Bomet ilikuwa ndani yake. Na usishikilie tahajia moja ya jina. Karani aliandika alivyosikia, na mara nyingi hakusikia vizuri.