Namba ya pili: iwe ya bei ya chini, lakini iwe kwa jina lako

Maneno tuliyowaambia vijana wa Bukavu



Leo tunazungumuza juu ya kitu kidogo chenye kinakula feza yetu kila siku: namba ya pili ya simu. Motari anaitafuta juu ya wateja. Dada mwenye anauza viatu Nyawera hataki tena mutu asiyemujua amupigie saa tano ya usiku kwenye namba ya familia. Mwanafunzi yeye anataka tu mega. Hizo ni haja tatu, na namba yenye inafaa mumoja haifae mwingine.

Kwa hiyo, mbele ya kusikiliza matangazo, fungua simu yako na uangalie watu wenye uliita mwezi uliopita. 081, 082 na 083 ni Vodacom. 097, 098 na 099 ni Airtel. 084, 085 na 089 ni Orange. Hesabu! Kama unatafuta namba ya kuita, fuata kwenye wateja wako wengi wako, maana forfe za bei ya chini mara nyingi ni za mutandao uleule. Kama ni ya kulipwa, uliza wateja wako wanatumia nini: M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money? Kama ni ya mega, azima namba ya rafiki, uijaribu mangaribi ndani ya nyumba yako. Mutandao wenye nguvu Ibanda unaweza kuwa zaifu kwako Bagira.

Kisha tuhesabu kwa mwezi, si kwa siku. Tuseme forfe ya saa 24 ni franga 500. Tunaona ni kidogo. Lakini ukiinunua kila siku, ni franga 15.000 kwa mwezi. Linganisha hiyo na forfe ya mwezi muzima. Na mega zenye zinakufa mbele hujazimaliza, ulizilipa bure.

Angalia pia uniti zenye zinakatwa kimya-kimya. Tunakumbuka RAM: kuanzia 2020 walikuwa wanakata uniti zetu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Watu walikataa, wakapiga kelele, na katika 2022 ikaondolewa. Ilionekana juu watu walikuwa wanaangalia uniti zao. Tuendelee kuziangalia. Kama kuna huduma yenye hukuomba na inakukata, uliza, na uifungishe.

Hauko na lazima ya kununua simu ya pili. Simu ya laini mbili inatosha: WhatsApp kwenye namba moja, WhatsApp Business kwenye nyingine. Lakini ujue kwamba kwenye simu nyingi za namna hiyo, wakati unazungumuza kwenye laini moja, ile ingine haipatikane. Mwenye kazi yake ni kuitwa-itwa, hata kasimu kadogo ka matoshi kanamufaa kuliko kukosa mukate.

Sasa, neno lenye kuwa na uzito zaidi: jina. Kule barabarani, chini ya parasoli, unaweza kuuziwa laini yenye imekwisha kuandikishwa kwa jina la mutu mwingine. Ni rahisi, ni haraka. Lakini siku simu itaibiwa, utaenda kurudisha namba na wataomba karte ya mwenye namba. Ni nani? Humujui. Feza yako iko mule, wateja wako wako mule, na haki yako haimo. Tena usiazimishe karte yako ya elekteri ili mwingine aandikishe laini. Akidanganya watu kwa ile namba, jina lenye litatafutwa ni lako.

Na usiache namba ilale miezi mingi bila kutumika. Kampuni inaweza kuifunga na kuiuza kwa mwingine, na huyo anaweza kufungua WhatsApp kwa namba yako ya zamani. Weka kode ya siri kwenye WhatsApp. Kama unaacha namba, toa feza yote kwanza, halafu ujulishe watu.

Namba mbili za kampuni mbili zinasaidia antene moja ikianguka. Lakini zisitudanganye: mwisho wa 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa kampuni zote pamoja, mupaka Januari 2019. Kwa jambo kama hilo, laini ya pili si dawa. Dawa ni wanainchi kudai haki yao.

Kwa leo tunaomba jambo moja: mbele ya kulala, kila mumoja aangalie namba yake iko kwa jina la nani. Kama si lako, kesho anza na hiyo.