Piga Hesabu Kabla ya Kuchapa
Msikilizaji unayejichapishia kitabu hapo Dagoretti Corner, Nairobi, shika kalamu. Tuseme nakala 500 zimekugharimu shilingi 250 kila moja: umetoa 125,000. Unauza kila nakala kwa shilingi 600, duka la mjini likikata asilimia 40, unabaki na 360. Mpaka uuze nakala 348 ndipo pesa zako zirudi, na hapo nauli ya matatu na gharama ya kubeba katoni hujazihesabu! Ukimuuzia msomaji mwenyewe, akakulipa kwa M-Pesa, mgao wa duka unabaki kwako. Kujichapishia si jambo geni: mwandishi Mkenya David Maillu alijichapishia miaka ya 1970 kupitia kampuni yake, Comb Books, na wasomaji wakamfuata. Na ukiamua kupitia dukani, duka likachukua vitabu bila kulipa papo hapo, tafadhali dai hati yenye sahihi, idadi ya nakala na tarehe ya malipo.