Ihumwa, Buigiri, Chamwino: Kumtembeza Mgeni Mahali Ambapo Jiji Lilikuta Watu



Katika semina hii ya wazee, walimu wa historia na vijana wanaojifunza kuongoza wageni, nimeombwa niseme juu ya kutembelea makazi ya kale ambayo sasa yamekuwa viunga vya jiji. Ningeweza kuzunguka Dodoma yote, lakini nimechagua upande mmoja tu, njia ya mashariki inayofuata barabara ya Morogoro kutoka Ihumwa hadi Buigiri na Chamwino. Huko jiji linakwenda mbio kuliko upande mwingine wowote, na huko ndiko tunakopoteza mengi kwa muda mfupi.

Mgeni akishuka Dodoma leo husimuliwa habari ya jiji jipya lililoota nyikani. Anaambiwa palikuwa pakavu, palikuwa vichaka, kisha Serikali ikaja. Simulizi hiyo si ya kweli, na sisi tunaoirudia mbele ya wageni na wanafunzi ndio tunaoifanya iaminike. Nchi hii ya Wagogo ilikuwa na watemi wake, mashamba yake ya mtama na uwele, visima vyake na njia zake. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe haikupita Ugogo bila kutoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa sababu maji yalikuwa na wenyewe. Wageni wa wakati ule walilalamika sana katika maandishi yao juu ya hongo hiyo, na malalamiko yao yenyewe ni ushahidi kwamba walikuta mamlaka hapa.

Mji wa Dodoma ni mdogo kwa umri kuliko vijiji vilivyouzunguka. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1910, stesheni ikajengwa, ofisi na maduka vikafuata. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA tuliyoizoea, na mwaka 1976 ukapatikana mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Kisha miaka mingi ikapita jiji likisuasua. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli. CDA ikavunjwa Mei 2017, manispaa ikapandishwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili la utawala. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Katika muongo mmoja tu, watu wamekaribia kuongezeka mara mbili, na sehemu kubwa wamejenga pembezoni, juu ya ardhi iliyokuwa mashamba, malisho na mahame ya watu wengine.

Tuanze Ihumwa. Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Morogoro, unafika Ihumwa kabla hujaona majengo ya wizara kule Mtumba. Reli ya kati inapita hapo tangu enzi za Mjerumani. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, inapita upande huohuo. Barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 ilichorwa ipite kwenye bandari kavu ya Ihumwa kabla ya kukata kwenda Matumbulu na Nala. Mahali penye reli mbili, bandari kavu, barabara ya mzunguko na wizara zote jirani hapawezi kubaki kijiji. Ndiyo maana mtu akisema Ihumwa leo, anayemsikiliza huuliza kwanza bei ya kiwanja.

Mimi nataka mgeni aulize habari ya Mathias Mnyampala. Mshairi huyu alizaliwa Ihumwa, katika kitongoji cha Muntundya, Novemba 1917. Ni mwaka mmoja na ushei tangu majeshi ya upande wa Waingereza yaiteke Dodoma, Julai 1916. Ng'ombe na nafaka za Wagogo zilikuwa zimekombwa na majeshi ya pande zote mbili, vijana wamechukuliwa upagazi, na mvua zilipokosekana ikaja njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Mtoto aliyezaliwa katika dhiki hiyo ndiye aliyeandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954, kwa Kiswahili, ili Mtanganyika yeyote aweze kuwasoma Wagogo. Ndiye aliyeasisi ngonjera, utungo ambao baada ya Azimio la Arusha ulisomwa katika shule za nchi hii. Wengi wetu humu ndani tumesimama mstarini tukiwa watoto, tukajibizana ngonjera mbele ya wageni rasmi. Alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka miaka miwili iliyofuata.

Sasa nauliza, Mheshimiwa Mwenyekiti: mwanafunzi anayesoma Mnyampala darasani anafahamu kwamba sehemu aliyozaliwa mshairi huyo anaweza kuifikia kwa nauli ya daladala? Nchi nyingine zenye mtunzi wa kiwango hiki huweka kibao, hutaja barabara kwa jina lake, na walimu huwapeleka watoto hapo kila mwaka. Sisi tunao walimu, tunao watoto, na barabara mpya za mitaa zinapewa majina kila siku. Sioni kinachotuzuia.

Nimetembea na wanafunzi njia hii mara nyingi, na nimejifunza kwamba jambo gumu ni kuwaonyesha kitu ambacho macho hayakioni. Makazi ya zamani ya Mgogo yalikuwa tembe: nyumba ndefu za udongo zenye paa la bapa la miti na udongo, zikizunguka uwanja, na ng'ombe wakilala katikati. Tembe haikai milele. Isipokarabatiwa kila baada ya mvua, hurudi kuwa udongo, na ikiachwa miaka michache hubaki kichuguu kidogo, mawe ya jikoni na labda jiwe la kusagia. Mgeni aliyezoea magofu ya mawe ya Kilwa au mitaa ya Unguja akifika Ihumwa anasema hakuna kitu. Mpimaji naye anapofika na mashine yake anaandika vilevile kwenye ramani: eneo wazi. Lakini ukimchukua mzee wa hapo ukatembea naye taratibu, anakuonyesha zizi la fulani lilikuwa hapa, kisima kilikuwa kule, watu wa ukoo fulani walihamia kutoka upande ule. Mwenye boma alipofariki kwa kawaida alizikwa ndani ya zizi lake, kati ya ng'ombe wake. Kwa hiyo hame la Mgogo ni makazi na makaburi kwa pamoja. Na makaburi ya watemi yalikuwa mahali pa kuombea mvua, katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima huja kati ya Desemba na Aprili, na ikikosa mwezi mmoja mavuno yamekwenda.

Hapo ndipo penye uzito wa mada yangu. Kiwanja kinapopimwa, kinachohesabiwa ni mita za mraba, miti ya matunda, nyumba iliyosimama na makaburi yanayotambulika. Sheria ya fidia ina nafasi kwa vitu hivyo. Haina nafasi kwa hame, kwa mbuyu ambao vikao viliketi chini yake, kwa njia ya ng'ombe kwenda majini. Bikoni zikishazikwa na hati zikishatoka, kijiji kinabaki jina la kituo cha daladala. Sisemi watu wasijenge. Familia iliyotoka Mwanza au Moshi kufuata kazi ya Serikali inahitaji pa kulala, na mwenyeji aliyeuza robo ekari akasomesha mtoto amefanya uamuzi wake kwa haki. Ninachosema ni kwamba ramani ya mipango miji inachorwa kabla ya bikoni, na kuandika kumbukumbu juu ya ramani kunagharimu siku chache za kutembea na wazee. Baada ya nyumba kusimama, gharama hiyo haihesabiki.

Kuna mji mmoja wa kusini mwa Marekani unaotufundisha hesabu hii. Franklin, jimbo la Tennessee, ulianzishwa mwaka 1799, kusini mwa jiji la Nashville. Tarehe 30 Novemba 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, palipiganwa hapo vita vya saa chache vilivyoacha watu wapatao 10,000 wakiwa wamekufa, wamejeruhiwa au wamepotea. Baadaye Nashville likakua, na Franklin ikawa kiunga chake chenye watu zaidi ya 80,000. Uwanja wa mapigano ukajengwa nyumba na maduka. Ndipo wenyeji wakaamka, wakaanza kununua upya ardhi kipande kwa kipande ili kubomoa kilichojengwa. Mwaka 2005 walibomoa mgahawa wa piza uliokuwa umesimama juu ya uwanja huo. Nchi tajiri ile ililipa bei ya jengo zima ili ipate tena kipande cha majani.

Franklin ina funzo la pili, nalo kwangu ni zito zaidi. Kwa miaka mingi mgeni alisimuliwa habari za majenerali tu. Watu weusi waliouzwa kama bidhaa katika uwanja wa katikati ya mji hawakutajwa. Wachungaji watatu na mwanahistoria mmoja walishikilia jambo hilo mpaka mwaka 2019 vibao vikawekwa pale uwanjani vikieleza soko la watumwa na mateso yaliyofuata, na mwaka 2021 ikasimikwa sanamu ya askari mweusi wa jeshi la Muungano. Hakuna jenerali aliyeondolewa katika historia. Waliokuwa wameachwa nje waliingizwa.

Kwa Dodoma, walioachwa nje ni wenyeji wa kawaida, na hilo linaonekana hasa tukiendelea na safari mpaka Buigiri na Chamwino, kilomita thelathini na ushei kutoka katikati ya jiji. Chamwino ina Ikulu. Mwalimu Nyerere alipiga kambi hapo mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na picha zake akiwa kazini zimesambaa nchi nzima. Ikulu mpya ilizinduliwa Mei 2023. Mgeni huelezwa hayo, na ni sawa aelezwe. Lakini aelezwe pia kwamba operesheni hiyo iliwaondoa watu katika matembe yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwa safu. Wapo walioshukuru shule na zahanati, wapo waliolia mahame yao, na mara nyingi ni mzee mmoja ndiye anayesema yote mawili. Mwongozaji asichague upande kwa niaba yake. Amwache mzee aseme.

Buigiri ni jirani wa karibu kabisa. Ilikuwa kituo cha misheni ya Kianglikana, na shule yake ya watoto wasioona, iliyoanza mwaka 1950, imefundisha vizazi vya Watanzania kusoma kwa vidole wakati ambapo familia nyingi ziliwaficha watoto hao ndani. Kwa maoni yangu, hakuna jengo jipya katika njia hii lenye heshima ya kupita shule hiyo. Na hapo Chamwino, kwa zaidi ya muongo mmoja, kumekuwa na Tamasha la Muziki wa Cigogo, ambapo vikundi kutoka vijijini huja na marimba, zeze na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Kijana wa kazi ya uongozaji aliye makini apange safari zake kwa kalenda ya tamasha hilo.

Niseme machache juu ya namna ya kutembea. Mgeni asipelekwe moja kwa moja kwenye hame; apelekwe kwanza ofisi ya mtaa, ajitambulishe kwa mwenyekiti, kisha kwa mzee atakayeongoza. Mzee alipwe, na alipwe mkononi siku ileile, kwa sababu anachotoa ni ujuzi na muda wake. Kaburi lisipigwe picha bila ruhusa ya ukoo. Saa ya mchana iachwe, jua la Dodoma lina ukali wake; asubuhi inatosha, na chakula cha mchana kiwe ugali wa mtama na mlenda kwa mama lishe wa hapohapo, ili fedha ya mgeni ilale kijijini.

Naomba semina hii itoke na azimio fupi kwa ofisi ya mipango miji ya Jiji na kwa Halmashauri ya Chamwino: kabla mchoro wa viwanja vipya haujapitishwa, wazee watatu wa mtaa husika watembee na mpimaji, na hame, kisima, mbuyu wa vikao na kaburi la mtemi viandikwe katika mchoro kwa majina yake na kuachwa kuwa maeneo ya wazi ya umma. Ninaomba pia mtaa mmoja wa Ihumwa upewe jina la Mathias Mnyampala, na shule za jiji zianze kuwapeleka watoto hapo mwaka huu wa masomo. Wazee wanaojua Muntundya ilikuwa wapi bado wapo, na baadhi yao wameketi nasi humu ukumbini.