Safari ya Nduaro Hupangwa Nchi Kavu

Maelezo kwa wenye boti, mabaharia, wanachama wa BMU na wakazi wa Kaunti ya Kilifi kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa uvuvi wa michezo



Kila mwaka kusi ikianza kupungua nguvu mwezi wa Agosti, boti zilizopandishwa juu tangu masika huteremshwa tena majini Watamu, Malindi, Kilifi na Mtwapa. Simu za wageni nazo huanza kulia. Wengi huuliza mambo mawili tu: bei ni ngapi, na samaki wapo? Swali la tatu huulizwa na wachache, nalo ndilo linalorudisha watu nyumbani: bahari ikichafuka, nani mwenye neno la mwisho? Maelezo ya leo yatagusa maswali yote, lakini yatakaa zaidi kwenye hilo la tatu.

Kwanza majina, kwa sababu yanaleta mzozo hata kwenye mizani. Sulisuli ni yule mwenye pezi la mgongoni lililo kama tanga. Nduaro, ambaye wageni humwita marlin, ana mwili mnene na pezi fupi zaidi, na hapa kwetu wako wa aina tatu: mweusi, wa buluu na wa milia. Kuna pia yule mwenye mdomo mpana bapa kama upanga, ambaye huvuliwa zaidi usiku kwa chambo cha ngisi na taa ndogo. Wavuvi wengi huwaita wote sulisuli, na hakuna ubaya ufuoni. Ila mgeni akilipia safari ya nduaro halafu akapelekwa penye sulisuli, atarudi akinung'unika, na nahodha atakuwa hana la kujitetea. Bora yasemwe mapema.

Majira nayo hayafanani. Agosti hadi Oktoba jodari huwa wengi, na nduaro weusi huanza kuonekana. Novemba hadi Januari ni wakati mzuri wa sulisuli. Nduaro wa milia hutafutwa zaidi Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imetulia. Aprili mvua za masika na upepo wa kusi hufunga kazi. Mtu anayetaka nduaro na ana likizo ya Juni aambiwe ukweli: ahifadhi pesa zake asubiri.

Kwa nini samaki hawa hukusanyika hapa? Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kuteremka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mbele ya pwani iliyo kati ya Malindi na Lamu. Penye makutano, maji ya chini yenye rutuba hupanda, dagaa hufuata, jodari hufuata dagaa, na nduaro hufuata jodari. Ndiyo sababu maeneo ya kina yanayojulikana kama North Kenya Banks yana sifa kubwa. Karibu zaidi na nchi kavu, Mto Sabaki hufanya kazi yake pia. Mvua zikinyesha bara, maji mekundu humwagika kaskazini ya mji wa Malindi na kusambaa baharini. Nduaro huwinda kwa macho, hapendi tope hilo. Manahodha wenye uzoefu hupita ukingoni, pale rangi nyekundu inapokoma na buluu kuanza, huku wakitazama ndege. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote cha wageni. Ernest Hemingway alivua katika bahari hii ya Malindi mwaka 1934 na hoteli zinalitaja jina lake mpaka leo. Majina ya mabaharia wa hapa waliojua samaki alipo hayatajwi.

Sasa tuchukue mfano. Wafanyakazi wanne wa Mombasa wamechanga pesa, wanataka siku moja ya kuvua nduaro kutoka Watamu mwezi wa Februari. Wamempata mwenye boti, wametuma malipo ya awali kwa simu, wamekubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Ni mpango wa kawaida kabisa. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kasoro ilipo.

Jambo la kwanza walilosahau ni maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufika karibu mita 4. Maji yakitoka kwa kasi kupitia mlango wa mwamba na kukutana na wimbi linaloingia kutoka bahari kuu, wimbi husimama wima. Mlango uliopitika vizuri alfajiri unaweza kuwa mahali pa kupindua boti saa kumi jioni. Kwa hiyo saa ya kurudi haipangwi kwa saa ya chakula hotelini. Inapangwa kwa jedwali la maji, na boti ikichelewa hubidi isubiri nje mpaka maji yarudi kujaa. Wageni waelezwe hilo kabla hawajapanda, wasije wakafikiri nahodha anapoteza muda wao.

La pili ni upepo. Asubuhi ya kaskazi mara nyingi ni shwari, lakini mchana upepo hupanda. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hutoa utabiri wa bahari pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na ofisi za BMU zinapaswa kuubandika mahali pa wazi. Usomwe jioni ya kuamkia safari, kisha usomwe tena alfajiri.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni pesa. Wale wanne wamelipa. Wamesafiri usiku. Mmoja wao ana ruhusa ya siku moja tu kazini. Mwenye boti ameshanunua mafuta. Nahodha na mabaharia wake, kama ilivyo katika boti nyingi, hulipwa kwa siku ya kutoka. Boti isipotoka, hakuna ujira. Alfajiri nahodha anatazama nje ya mwamba na haridhiki. Kila aliyesimama pale ufuoni ana sababu ya kutaka boti itoke, na nahodha mwenyewe ni mmoja wao. Mtu mwenye watoto wa kulisha hapaswi kuwekwa katika hali hiyo halafu aambiwe atumie busara.

Dawa yake ni kuliandika jambo hili pesa zinapopokelewa. Karatasi moja inatosha. Iseme kwamba uamuzi wa kutoka, kutotoka au kugeuza ni wa nahodha peke yake. Iseme boti isipotoka kwa sababu ya hali ya bahari, wageni watapewa siku nyingine au watarudishiwa malipo yao. Iseme nahodha akigeuza njiani, wageni watalipia mafuta yaliyotumika na ujira wa mabaharia, na hesabu ya kilichobaki iwe imekubaliwa tayari. Na mwenye boti, kwa upande wake, awalipe mabaharia japo sehemu ya ujira siku ambayo nahodha amezuia safari. Wapo watakaosema hilo ni gharama. Ni kweli. Ni gharama ndogo kuliko boti, na hakuna haja ya kuilinganisha na maisha ya watu.

Kuhusu boti yenyewe, Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA) ndiyo husajili na kukagua. Mgeni ana haki ya kuomba kuona cheti, na mwenye boti asikasirike akiombwa. Kila aliyemo awe na jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, na lisifungiwe kabatini. Redio ya VHF iwe inafanya kazi na chaneli 16 iwe inasikilizwa, maana mtandao wa simu hupotea kadiri boti inavyoenda mbali. Injini iwe na mwenzake wa akiba. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda na kuvua, moja la kurudi, moja lisiguswe. Nahodha anayefuata ndege mpaka fungu la pili anacheza kamari na mali ya mwingine.

Leseni ya uvuvi wa michezo inatakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Wageni wasioijua wasaidiwe na mwenye boti kuipata mapema kutoka Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haziruhusu uvuvi wa aina yoyote ndani yake. Mishipi ipandishwe boti inapokatiza humo, hata kama ni ya chambo kidogo.

Baada ya hayo ndipo tunafika kwa samaki. Boti huburuta chambo za bandia kwa mwendo wa noti 7 hadi 9, au polepole zaidi ikiwa chambo ni samaki hai kama jodari mdogo. Breki ya rili hukazwa kiasi kisichozidi thuluthi moja ya nguvu ya mshipi. Zaidi ya hapo, mshipi hukatika samaki anapopiga mbio ya kwanza. Kwa chambo cha samaki, ndoana ya duara inafaa zaidi, kwa kuwa hunasa pembeni ya taya badala ya kumezwa hadi tumboni. Baharia anayeshika waya wa mwisho avae glavu na kamwe asiuzungushe mkononi akaufunga. Nduaro aliyeonekana kuchoka huweza kuruka mara moja zaidi, na waya ukiwa umefungwa mkononi, mtu huondoka nao.

Hapa huja swali ambalo wakazi huuliza kwa haki: kwa nini samaki wa kilo mia na zaidi aachiliwe, ilhali kuna nyumba zisizo na kitoweo? Jibu si kwamba mvuvi wa ngalawa amekosea akimpata. Huyo anavua chakula na riziki yake. Anayeambiwa aachilie ni yule anayelipia mchezo. Nduaro wakubwa karibu wote ni majike, kwa hiyo kila mkubwa anayeuawa kwa ajili ya picha ni mzazi aliyeondolewa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC), ambayo Kenya ni mwanachama wake, imeeleza kwamba nduaro wa milia katika bahari hii wamevuliwa kupita kiasi. Msimu wa nduaro ukififia, anayeumia si mgeni. Yeye atakwenda nchi nyingine. Ataumia baharia, muuza chambo, fundi wa injini na mama anayepika chapati za mabaharia alfajiri.

Kuachilia nako kuna namna yake. Samaki asipandishwe ndani ya boti kwa ajili ya picha. Ashikwe ubavuni mwa boti, boti isogee mbele taratibu ili maji yapite kwenye mashavu yake, na aachwe atakapoanza kupiga mkia mwenyewe. Manahodha wengi wa hapa huweka lebo kabla ya kuachilia, katika mpango unaoendeshwa na African Billfish Foundation ya Watamu. Mvuvi yeyote atakayempata samaki mwenye lebo asiogope: si kosa. Alete lebo BMU pamoja na tarehe, mahali alipomvua na urefu wa samaki.

Ikitokea samaki amekufa, swali la nyama ni ya nani liwe nalo limejibiwa kwenye ile karatasi. Kwa desturi ya boti nyingi ni ya boti. Iwekwe barafu mara moja, maana nyama hii ikikaa juani hudhuru hata ikipikwa vizuri. Tena, samaki wakubwa wa jamii hii hukusanya zebaki mwilini, kwa hiyo wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapewe samaki wengine.

Kabla boti haijaondoka, majina ya wote waliomo yaandikwe mara mbili. Nakala moja ibaki ofisi ya BMU, nyingine apewe mtu mmoja wa nchi kavu anayejulikana, pamoja na eneo boti inakoelekea na saa ya mwisho ya kurudi. Mtu huyo asiwe anayekwenda kulala mapema. Saa hiyo ikipita na boti haijibu, asingoje kuona kama watatokea, na asione haya kusumbua wakubwa. Aarifu Walinzi wa Pwani na kituo cha uokoaji wa baharini kilichoko Mombasa, na awasomee majina jinsi yalivyoandikwa. Nambari za simu za dharura zibandikwe juu ya meza ile ile wanapoandikia majina hayo.